Moto Safi wa Yeshihareg

Yeshihareg hakuwa mwanamke wa kuchefukwa ovyo. Alikulia katika nyanda za juu za Shewa, mahali ambapo msichana hufundishwa kukanda samadi kabla ya kufundishwa kukanda unga. Alikwisha kuosha maiti ya mumewe kwa mikono yake, na aliwahi kumzalisha ng'ombe kwa kuingiza mkono hadi begani. Kwa hiyo siku ile ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, alipoegemea ukuta wa nyumba yake na kusikia nyongo ikimpanda kooni, alijua fika kwamba hakuna harufu yoyote duniani iliyoweza kumfanya hivyo.

Mambo yalianza na macho yake. Kwa miaka mingi alipikia mikate ya samadi, ile inayokandwa kwa mkono, kubandikwa ukutani na kukaushwa juani, kama walivyopikia mama yake na bibi yake. Moto wake ni wa uhakika, lakini moshi wake ni adui. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, kama ya mtu aliyefiwa jana. Basi mkoa ulipotangaza kwamba utasaidia kila mkulima atakayekubali kujenga mtambo wa bayogesi, Yeshihareg alikuwa wa kwanza kuinua mkono katika mkutano wa kijiji cha Wof Amba. Serikali ingetoa saruji, mabomba, fundi, jiko na taa. Mwenye nyumba angechimba shimo, angesomba mawe na mchanga, kisha angelisha mtambo kwa samadi ya ng'ombe wake, iliyokorogwa na maji kama uji.

"Serikali ikikupa ng'ombe, mkague kwanza kama ana miguu yote," aliambiwa na Emama Zenebech, jirani yake mzee, ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa wake.

"Nitamkagua, Emama. Na akiwa na mitatu nitamfuga hivyo hivyo. Macho yangu yamechoka."

Alichimba. Alisomba mawe kwa mgongo tangu mvua zilipokatika. Fundi alijenga kuba la matofali chini ya ardhi, akalifunika, akapitisha bomba hadi jikoni. Ng'ombe wake wawili walifanya kazi yao. Kisha asubuhi moja alifungua koki, akawasha kiberiti, na moto ukatokea: wa buluu, mwembamba, usio na moshi. Yeshihareg alichemsha mchuzi wa dengu, akaketi kuutazama ukitokota. Aligusa mashavu yake kwa mazoea, akayakuta makavu. Akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Siku zile za mwanzo majirani walikuja kunywa kahawa kwake na kuutazama moto. Hakuna aliyeona tatizo. Samadi ni samadi, walisema. Iwe kavu jikoni au mbichi shimoni, tumbo la ng'ombe ni lile lile. Kasoro moja tu ilijitokeza. Jiko la serikali lilikuwa dogo mno kwa kikaango kipana cha udongo cha kuokea injera, ule mkate mwembamba wa chachu, kwa hiyo ilimbidi agawe samadi yake: nyingine aitumbukize mtamboni kwa ajili ya mchuzi na kahawa, nyingine aikaushe kwa ajili ya injera. Yeshihareg alipenda utaratibu. Aligawa kila asubuhi bila kunung'unika.

Ndipo alipokuja Lisanewerk.

Lisanewerk alikuwa afisa wa nishati aliyetumwa kusimamia mradi katika vijiji vile, kijana mwenye sauti laini na viatu vilivyochongoka, ambavyo alivifuta kwa karatasi kila aliposhuka garini na kila alipopanda. Aliutazama moto, akaupiga picha, kisha akaagiza kigoda.

"Hongera sana, mama. Sasa limebaki jambo moja dogo."

"Lipi, mwanangu?"

"Choo."

"Choo kimefanya nini?"

"Hakijaunganishwa. Wakubwa wa mkoa wanataka kaya kamili ya mfano. Ng'ombe na binadamu, wote wachangie."

Yeshihareg alidhani anataniwa. "Mimi ni mjane, naishi peke yangu. Nitachangia nini mimi cha kumshinda ng'ombe?"

"Si suala la wingi, mama. Ni suala la mradi kukamilika."

"Na baridi je? Umande umeanza kuganda, moto unasinyaa kila kukicha. Ungenitafutia namna ya kuufunika mtambo upate joto, ungekuwa umenisaidia kuliko hicho choo."

"Hilo la baridi nitalipeleka juu. Choo kwanza. Hatumlazimishi mtu, mama, usije ukasema tumekulazimisha. Ila usipounganisha, jiko na taa itabidi viende kwa mwingine aliye tayari."

Yeshihareg alilitazama jiko, akayakumbuka macho yake, akakubali. Fundi alirudi, akapitisha bomba kutoka choo cha shimo nyuma ya nyumba hadi mtamboni, mchana kweupe, mbele ya kila aliyepita njiani. Lisanewerk alikuja kulipiga picha bomba lile kutoka pande zote. Alipokaribishwa kahawa alifunika kikombe kwa kiganja.

"Tumbo langu halijatulia leo, mama."

Kwa wema wake Yeshihareg alimfungia mbegu za dawa ya tumbo katika kipande cha kitambaa. Aliziona kesho yake, zimetupwa pembeni mwa njia, na kuku wakizidonoa. Alijiambia kwamba labda zilimdondoka.

Habari ya bomba ilienea kijijini upesi kuliko moto wenyewe ulivyowahi kuenea. Kisimani wanawake walimpisha mbele kwa adabu ya kupita kiasi, kisha wakamchoma mgongoni.

"Yeshi, jana ulikula dengu? Maana moto wako uliwaka vizuri."

"Muacheni. Mwenzenu anakula leo ili apikie kesho."

"Sisi wengine tukienda chooni tunapata hasara tupu."

Alicheka nao, kwa sababu asiyecheka kisimani huchekwa zaidi. Lakini vikombe vyake vya kahawa vilianza kukaa kifudifudi. Emama Zenebech, aliyekuwa akiingia bila kubisha, sasa alisimama mlangoni.

"Mwanangu, sikuchukii," alisema. "Ila koo langu ni la kizamani. Nikiuona ule moto, naliona bomba. Nikiliona bomba, nakiona choo. Na nikifika hapo kahawa haishuki tena."

"Wewe Emama mkono wako una samadi hadi kwenye kiwiko hapo ulipo."

"Ya ng'ombe. Ng'ombe anakula majani."

Angekuwa amevumilia hayo yote kama isingekuwa zamu yake. Chama cha Mikaeli cha Wof Amba kilikutana kila mwezi siku ya mtakatifu huyo, nyumba kwa nyumba, na kikombe cha udongo chenye kifuniko kilihama kutoka kwa mwenyeji wa mwezi huu kwenda kwa mwenyeji wa mwezi ujao. Sharti lake lilikuwa moja, la tangu enzi za mababu: anayekichukua kikombe lazima awe amekula katika nyumba anayokichukua. Ikiwa watu hawakula, kikombe hakihami. Na mwenye nyumba ambamo kikombe kimekwama huhesabiwa kuwa amejitoa chamani. Chama ndicho kilichomzika mumewe. Ndicho kilichovuna shayiri yake mwaka ule alipokuwa kitandani. Mtu asiye na chama huzikwa na wapita njia. Kikombe kilikuwa kwake sasa, juu ya rafu, kimefungwa kitambaa cheupe, kikingojea Mikaeli ya mwezi wa Hidar, iliyo kubwa kuliko zote.

Alikwenda kwa Aba Kinfe, kasisi wa chama, ili apate neno la kuwatuliza watu.

"Baba, moto wangu ni najisi?"

Aba Kinfe alikuwa mtu mpole aliyependa amani kuliko ukweli. Alizipapasa ndevu zake muda mrefu. "Vitabu vimenyamaza juu ya bayogesi, binti yangu."

"Basi semeni kwamba vimenyamaza. Wasikie."

"Nikisema vimenyamaza, watauliza mimi nasemaje."

"Na nyie mnasemaje?"

"Mimi nami nimenyamaza, pamoja na vitabu."

Yeshihareg akiwa katika kukata tamaa huko, Lisanewerk alirudi na habari ambayo, kwake, ilikuwa njema. Mheshimiwa mmoja wa mkoa angekuja na msafara kuuzindua mradi nyumbani kwa Yeshihareg, tena siku hiyo hiyo ya Mikaeli. Watu watakuwa wamekusanyika tayari, alieleza. Hakutakuwa na haja ya kuwaita.

"Siku ya Mikaeli watu wanachoma taka," Yeshihareg alimwambia. "Kijiji kizima. Ni desturi, wewe hukuzaliwa nchi hii? Mtazindua moto usio na moshi katikati ya moshi?"

"Moshi ni wa nje, mama. Sisi tunazindua wa ndani."

Akafikiri, akaona hata hivyo kwamba huenda kuna faida. Mkubwa wa mkoa akinywa kahawa iliyochemshwa kwa moto ule mbele ya watu, nani kijijini atajidai kuwa na koo teule kuliko la mkubwa? Wakimwona amekunywa, watakula. Tumaini hilo alilishika kwa mikono miwili, akaingia jikoni.

Aliioka injera yote kwa mikate ya samadi iliyobaki, na ikaisha pale pale. Kwa mchuzi wa kondoo hakuwa na kuni wala samadi kavu; alikuwa na moto wa buluu tu. Angeweza kukopa kuni kwa jirani, lakini aliona aibu ya kukopa kuni akiwa na jiko la serikali, na juu ya aibu hiyo palikuwa na ukaidi kidogo. Siku ya kuamkia sikukuu alikaanga vitunguu polepole mpaka vikawa rangi ya kahawia, akatia pilipili, akatia siagi yenye viungo, akatia nyama, na moto ule mnyonge ukahangaika mchana kutwa. Mchuzi ulipoiva moto ulisinzia, ukazimika. Usiku ule umande uliganda juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa.

Asubuhi Lisanewerk alifika mapema, akafungua koki, akawasha kiberiti. Kiberiti kikamuunguza kidole. Akawasha kingine.

"Gesi iko wapi?"

"Imeisha. Nimepikia."

"Umepikia?" Sauti yake laini ilipasuka. "Umepika nini?"

"Mchuzi wa sikukuu. Jiko si la kupikia?"

"Mama, nani alikwambia upike kabla ya mheshimiwa kufika? Mtu mzima ovyo wewe. Mkoa mzima unakuja kuuona huu moto, wewe unapikia kondoo?"

Yeshihareg alimtazama. Alitaka kumuuliza moto umeletwa ili utazamwe au upikiwe, lakini jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Lisanewerk alikuwa tayari anazungumza na dereva wake. Gari lilikimbia mjini Debre Berhan na kurudi likiwa na mtungi wa gesi ya dukani, mwekundu, uliofunikwa blanketi kama mgonjwa. Waliuingiza kwa mlango wa nyuma, wakauficha nyuma ya kihenge cha udongo, wakachomoa bomba la mtambo wakachomeka mpira wa mtungi. Lisanewerk akawasha. Moto ukaruka juu, mnene, wa buluu, mzuri kuliko wowote uliowahi kuwaka katika nyumba ile.

"Usiseme neno, mama. Moto ni moto."

"Kumbe," alisema Yeshihareg. "Hayo mbona hamkuwaambia majirani zangu?"

Huo ulikuwa mwanzo wa kichefuchefu, ingawa bado aliweza kukimeza.

Msafara ulifika umechelewa. Wakati huo kila ua wa Wof Amba ulikuwa unachoma takataka zake, na moshi ulikuwa umelala bondeni kama shuka chafu. Mheshimiwa, mtu mnene mwenye koti zuri, alishuka akikohoa, akakohoa mpaka mlangoni, akatoa hotuba fupi akikohoa, juu ya jinsi serikali ilivyodhamiria kuufuta moshi katika majiko ya mkoa. Wanachama wa Mikaeli walikuwa wameketi uani kwenye mabenchi, wamevaa shuka zao nyeupe, wakisikiliza kwa heshima. Hakuna aliyekuwa amenawa mikono. Bakuli za kunawia alizoziandaa Yeshihareg zilikaa palepale, na maji yake yakaanza kubeba masizi ya taka.

"Watu hawa mbona hawali?" mheshimiwa aliuliza.

"Wanakungoja wewe, mheshimiwa," alidakia Lisanewerk.

Na kwa kweli walikuwa wanamngoja. Waliingia hadi mlangoni, shingo zimenyooka, wakati Yeshihareg alipochemsha kahawa juu ya moto ule wa dukani. Makofi yalipigwa, picha zikapigwa. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, ubani ukifuka. Alimpa mheshimiwa kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, akainama. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wa bibi harusi. Huyu ndiye ambaye koo lake lingemwokoa.

Mheshimiwa alikipokea. Akatabasamu kuelekea kamera. Akakiinua hadi puani, na hapo Yeshihareg, aliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, akaziona tundu za pua zikijikunja na mdomo ukijifunga kwa ndani, kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Alikiegemeza kikombe kwenye masharubu yaliyokauka, akasema, "Nzuri sana," kisha akakipitisha nyuma bila kugeuka. Dereva wake alikipokea kwa ncha za vidole, akaimwaga kahawa taratibu kwenye majani, nyuma ya kiti, akiamini haonekani.

Vikombe vya maofisa wengine vilifuata njia hiyo hiyo. Mmoja alikisahau dirishani. Mwingine alikuwa amefunga, alisema, ingawa hakuna mfungo siku ya Mikaeli ya Hidar. Mmoja tu alikunywa, tena akaomba cha pili, akalamba midomo. Alikuwa Lisanewerk. Yeye alijua moto umetoka wapi.

Hapo ndipo Yeshihareg alipotoka kuegemea ukuta. Alimeza mate ya uchungu, akayameza tena. Mtu aliyesafiri mpaka kwake kusifu moto wa choo aliona kinyaa kuonja kahawa yake; aliyemlazimisha kuunganisha choo hakuwahi kunywa mpaka alipoleta mtungi. Na ng'ambo ya ua, kwenye gari la tatu, wasaidizi walikuwa wamekwisha kufungua vyakula walivyobeba kutoka hotelini mjini, wakila wima, migongo ikiwa imeelekezwa kwenye nyumba, kama watu wanaojisaidia kichakani.

Emama Zenebech alimjia taratibu kwa mkongojo.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, Emama."

"Aliyeuleta moto haunywei. Sisi tulioletewa utatulaumu?"

"Sijamlaumu mtu."

"Tutakaa kidogo kwa ajili ya Mikaeli, kisha tutaondoka. Tumekula nyumbani." Alitamka maneno hayo ya mwisho akitazama chini, maana katika nchi ile hakuna tusi zito kuliko kumwambia mwenye karamu kwamba umekula nyumbani.

Magari yakawashwa. Lisanewerk alipita mbio, akasimama kwa mguu mmoja mmoja kufuta viatu. "Tumefaulu, mama. Mtungi nitaurudia wiki hii, siwezi kuubeba mbele yao. Uache pale pale." Akapanda gari. Vumbi likachanganyika na moshi.

Uani watu walianza kusimama, kila mmoja akijitanda shuka yake, bila haraka, kwa ule upole wa watu wanaoondoka msibani. Yeshihareg aliingia ndani. Aliushika mtungi shingoni, akauchomoa, akauburuta kutoka nyuma ya kihenge, juu ya majani yenye unyevu wa kahawa, hadi mlangoni, akaupiga teke. Ukabingirika mpaka katikati ya ua, mwekundu, na chapa ya duka ubavuni.

"Kaeni," alisema. "Huo ndio moto mliopigia makofi. Umetoka dukani asubuhi hii. Mtambo hauna gesi, baridi imeuua. Hakuna choo cha mtu kilichochemsha kahawa leo."

Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikakimbia benchi hadi benchi.

"Kumbe mkubwa ameikataa gesi ya mjini kwake."

"Amemwaga kahawa halali, maskini ya Mungu."

"Yeshi, mwanangu, na wewe ungesema mapema. Tumekaa na njaa tangu asubuhi."

Mikono ikanawishwa. Aba Kinfe akaubariki mkate kwa sauti iliyokuwa imepata nguvu ghafla. Sinia zikatoka, injera zikafunuliwa, mchuzi wa kondoo ukamiminwa katikati, na watu wakajisogeza. Walikula kama wavunaji. Pombe ya shayiri ikazunguka. Yeshihareg alisimama na jagi mkononi, akiwatazama wakikomba, na badala ya faraja alihisi kile kile alichokihisi ukutani. Mabega yale yale yaliyomgeuzia mgongo mwezi mzima sasa yalikuwa yanamgusa kwa upendo. Hapakuwa na kilichobadilika ila uvumi wa bomba.

Emama Zenebech alimega injera, akaikunja na vipande viwili vya nyama vilivyo bora, akanyoosha mkono kumlisha mdomoni, kama mtu anavyomlisha ampendaye.

"Fungua kinywa. Unaona, mwanangu, moto safi haujifichi. Nimeonja mara moja tu nikajua. Mchuzi huu una ladha ya gesi ya dukani."

Tonge lilikuwa kubwa. Yeshihareg alilitafuna huku macho yote yakimtazama na kumsubiri. Kikombe kilikuwa rafuni ndani ya kitambaa chake cheupe, na zamu iliyofuata ilikuwa ya huyu huyu Zenebech, ambaye amekwisha kula. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Alimfikiria Lisanewerk na yale maneno yake: usiseme neno, mama. Akameza.

"Mchuzi nilipika jana, Emama," alisema. "Mtungi umekuja leo."

Ilichukua muda maneno kuzunguka sinia. Mikono ilisimama mmoja baada ya mwingine. Aba Kinfe, ambaye shavu lake moja lilikuwa limejaa, aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha kwa uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa hadharani, akameza. Mwanamke mmoja alitoka mbio nyuma ya zizi. Wengine wawili walimfuata, wakarudi bila kutapika, kwa kuwa hawakuweza.

"Kwa nini umetuambia?" Zenebech aliuliza. Hasira yake ilikuwa ya kweli. "Ungetuacha tumalize. Ungetuacha tuende zetu tukiwa tumeshiba, kila mtu na amani yake. Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi?"

"Leo nimeshamwona mtu mmoja akinywa kwa kuwa anajua, na wengine wakimwaga kwa kuwa hawajui. Sitaki kuwalisha hivyo nyie. Mmekula moto wa ng'ombe wangu na choo changu, na mmeusifu. Anayeondoka, aondoke akijua."

Watu waliondoka. Si wote; kwenye sinia moja wazee wawili waliendelea kula kimyakimya, kwa kuwa nyama ni nyama na Mikaeli ya Hidar huja mara moja kwa mwaka. Lakini mabenchi mengi yalibaki matupu, na hakuna aliyemuaga mwenye nyumba kwa jina.

Zenebech alibaki amesimama katikati ya ua karibu na mtungi, mkongojo wake ukichimba ardhi. Alikuwa amekula, jambo hilo halikuweza kurudishwa, na kukikataa kikombe cha mtakatifu baada ya kula ni dhambi ambayo hata Aba Kinfe asingeinyamazia. Mwishowe aliingia ndani mwenyewe. Yeshihareg alikishusha kikombe kutoka rafuni, akampa kwa mikono miwili.

"Nakichukua kwa sababu ni cha Mikaeli," alisema yule mzee. "Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani, Emama."

"Mwezi ujao ni kwangu."

"Najua. Nitakuja."

"Njoo." Alikitazama kikombe, kisha akamtazama Yeshihareg, na midomo yake ikajikunja kwa namna ambayo Yeshihareg alikwisha kuiona mara moja siku ile, karibu na masharubu makavu. "Ila mchuzi, mwanangu, usilete wa kwako."

Akatoka, kikombe amekishika mbele yake kwa urefu wa mkono mzima, akapita pembeni ya mtungi bila kuugusa, akapotea katika moshi wa taka uliokuwa bado umetanda njiani.